Acheni Kuniuliza Nauza Ngapi

Kuna swali moja ambalo kijana wa Nairobi hawezi kulikwepa akionekana anafanya kitu kwa mikono yake. Oka keki ya ndugu yako: "Kwani unauza?" Suka rafiki yako nywele Jumapili: "Unalipisha ngapi?" Panda sukuma kwa gunia hapo nje ya mlango: "Si uanze kuwauzia majirani?" Mimi nashona blanketi la viraka. Ni miezi miwili sasa. Hakuna mtu hata mmoja ameniuliza ni la nani, ama nimetoa wapi hizo rangi, ama kama vidole vinauma. Wote wanauliza bei.

Wengine hawaulizi hata. Wanakupangia biashara kabla hujamaliza safu ya kwanza. Utapewa jina la ukurasa, utapewa wazo la nembo, utaambiwa uchukue namba ya till. Jirani mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Kijana, hiyo talanta usiiache ilale." Ilale? Saa tano usiku niko macho na sindano, nani amelala hapa?

Basi leo nataka tubishane na hilo swali. Si ati nachukia pesa. Nalipa kodi ya nyumba kama nyinyi, najua bei ya unga, na kuna wiki mayai boilo ya barabarani yamekuwa ndiyo chakula changu cha jioni. Shida yangu ni kwamba tumefika mahali ambapo kitu kisicho na bei tunakiona hakina maana. Na kushona viraka, kazi ambayo watu wameifanya vizazi na vizazi ili baridi isiwaue na roho zisipasuke, ni kitu cha kwanza kufa ukikitundikia bei shingoni kabla hakijazaliwa.

Kwa wale hawajawahi kuona, kwilti ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyoungwa pamoja. Katikati unaweka kitu cha joto. Mimi nimeweka blanketi kuukuu ambalo lilikuwa limeisha manyoya. Chini kuna kitambaa kimoja kizima. Halafu unapitisha sindano kwenye tabaka zote tatu, bandi baada ya bandi, maelfu ya bandi, mpaka zishikane zisihame. Ni hivyo tu. Vipande vyangu vimetoka kwa shati la baba, sketi ya shule ya dada yangu, makombo ya vitenge ambayo fundi wa mtaani huweka kwa gunia nje ya kibanda chake, na jinzi mbili za fagia kutoka Gikomba. Sindano na uzi wote niliotumia mpaka sasa havijafika mia tatu.

Hebu tuanze na huyo fundi. Ni mwanaume wa miaka hamsini hivi, ana cherehani ya mguu na benchi. Mchana kutwa anapima wamama viuno, anakunja sketi, anatia vifungo vya blauzi, na wanaume wenzake wanakaa hapo kwa benchi lake wakibishana mambo ya Arsenal. Hakuna mtu amewahi kumcheka. Lakini mimi nikikaa kwa ngazi ya ploti na sindano hiyo hiyo, maboyz wanaanza: "Buda, umekuwa mama nani?" Sindano ni ile ile, uzi ni ule ule, na ndevu mimi ninazo kumliko. Tofauti ni kwamba yeye analipwa.

Kumbe hatukuwahi kuamini kwamba kushona ni kazi ya wanawake. Tunaamini kwamba kushona bure ndiyo kazi ya wanawake. Isome tena hiyo, halafu mfikirie mamako na vile vitambaa vya sofa. Mnavijua. Vyeupe, vya kufuma kwa sindano ya kroshia, kimoja kila kiti, kikubwa cha meza, kingine juu ya televisheni, na ole wako mgeni akikuta vimepinda. Mama zetu walivifuma wakiwa kwa foleni ya kliniki, wakiwa kwa chama, wakiwa ndani ya matatu iliyokwama, wakingoja sisi tutoke shule. Sisi tumevifanya vichekesho vya mtandao. Video ngapi mmeona za "nyumba za Wakenya wa miaka ya tisini" na vitambaa ndiyo mzaha? Nami nauliza: katika siku nzima ya huyo mama, kati ya kazi, jiko, watoto na mume, ni saa ngapi alikaa chini bila mtu kumwambia ni mvivu? Ni hapo tu, akiwa na uzi mkononi. Kitambaa kilikuwa kibali chake cha kukaa chini.

Sasa, wasee wa biashara huwa wananirushia mfano wa Marekani. Ati kule kwilti moja inauzwa maelfu ya dola, ati ziko makumbusho. Ni kweli. Na mfano wenyewe maarufu zaidi ni wa Gee's Bend, Alabama. Lakini hiyo stori mkiisimulia, isimulieni yote, kwa sababu mimi naona iko upande wangu.

Gee's Bend ni kijiji kilicho kwenye kona ya mto Alabama, mto umekizunguka pande tatu. Watu wake ni Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu wa watu waliotumikishwa kama watumwa kwenye shamba la pamba la Pettway, na mpaka leo wengi wanaitwa Pettway. Nyumba zilikuwa za mbao, upepo unapita kwa nyufa. Wanawake walichukua nguo za shambani zilizoraruka, ovaroli zenye magoti yaliyopauka, magunia ya unga, wakaunga. Hakuna aliyekuwa anafikiria makumbusho. Watoto walikuwa wanasikia baridi.

Mwaka 1962 feri iliyowavusha kwenda mji wa Camden ilisimamishwa, wakati weusi wa hapo walikuwa wanaanza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Feri haikurudi mpaka 2006. Zaidi ya miaka arobaini mtu anazunguka kwa barabara ndefu kufika mji ulio ng'ambo ya mto. Mwaka 1966, katikati ya hayo mapambano, wanawake wa eneo hilo wakaanzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakaanza kuuza. Na sitawadanganya, hiyo pesa ilikuwa muhimu sana. Kulikuwa na familia ambazo hazikuwa zimewahi kushika mshahara wa mama.

Lakini angalia kilichofuata. Maduka makubwa ya mjini hayataki kwilti ambayo kila moja iko kivyake. Yanataka agizo la leo lifanane na la jana. Mwaka 1972 ushirika ukapata kandarasi ya Sears, duka kubwa la Marekani, kushona foronya za mito za kodrai. Foronya ni foronya. Zote kipimo kimoja, mishono imepangwa, rangi zimechaguliwa na mtu mwingine mahali pengine. Mshahara ukaingia, sawa. Halafu jioni wanawake walibeba nyumbani makombo ya ile kodrai, ya kijani, ya manjano, ya udongo, wakashona kwilti zao wenyewe wanavyotaka.

Na mwaka 2002, makumbusho ya sanaa ya Houston yalipofungua maonyesho ya Gee's Bend, ambayo baadaye yalienda Whitney huko New York, watu walisimama mbele ya nini? Hizo kwilti za makombo. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilizichapisha kwenye stempu. Foronya za Sears hakuna anayezikumbuka. Kitu kilichoagizwa kwa bei kikaisha kama bidhaa yoyote inavyoisha, na kitu walichojishonea usiku, bila oda ya mtu, ndicho dunia nzima ilikuja kuita sanaa. Kwa hivyo ukiniambia nishone kama Gee's Bend, nakubali. Ndiyo maana sitaki oda yako.

Tena tusijifanye viraka ni mambo ya Alabama tu. Leso yenyewe, ile mama yako amejifunga sasa hivi, inasimuliwa kwamba ilianza hivyo hivyo. Neno ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkono. Karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vile vitambaa vya mkono vilivyochapwa, vikiwa bado havijakatwa, wakaunga sita pamoja, tatu juu tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wenye viwanda walikuja baadaye kuiga kwa kuchapa kipande kizima. Wazo lilikuwa la mwanamke mwenye sindano aliyetaka kupendeza.

Na ng'ambo ya bahari, huko Karnataka, India, kuna watu wanaitwa Wasidi. Mababu zao walikuwa Waafrika, wengi wakapelekwa huko kama watumwa, wakipitia Goa chini ya Wareno. Wanawake wao wanashona kwilti zinazoitwa kawandi, kutoka kwa nguo zilizochakaa kabisa. Hawafanyi kama Wamarekani, ambao huunga vipande kwanza halafu ndiyo waweke tabaka. Msidi anaanza kona, anakwenda ukingoni, anazunguka, anazunguka, bandi zikisogea kuelekea katikati mpaka nafasi iishe. Kwenye pembe anatia vipande vidogo vya pembetatu vinavyoitwa phula, yaani maua. Havina kazi. Havileti joto, havishikilii chochote. Lakini kwao kawandi bila phula ni kama iko uchi. Mtu maskini, nguo zake zimeisha mpaka zimekuwa matambara, na bado anatenga kitambaa cha kutengeneza ua lisilo na kazi. Hebu muulize huyo analiuza ngapi.

Susu wangu, mama ya mama, yuko Makueni na anasuka viondo. Akienda sokoni anasuka akitembea, akiwa kwa mkutano wa kikundi anasuka, kanisani tu ndiyo huweka chini, na hapo pia ni kwa shida. Anauza, tena bei yake si ya mchezo, ukimletea maneno ya "susu punguza" atakuangalia mpaka uongeze. Lakini kuna viondo ambavyo haviingii sokoni. Hivyo anasuka polepole, mkonge anausokota mwenyewe kwenye paja, rangi anazirudiarudia mpaka aridhike, na ni vya binti anayeolewa ama mjukuu anayezaliwa. Nilimuuliza kama mtu akija na pesa nyingi sana atampa kimoja cha hivyo. Akacheka, akaniambia kwa Kikamba kitu ambacho nikikitafsiri vizuri ni "sasa huyo atakuwa ananunua nini?" Yeye anajua kutenganisha. Sisi kizazi cha hasla ndio tumepoteza huo mpaka.

Kuhusu stresi. Watu huniuliza kama kweli inasaidia ama najifanya. Sina digrii ya saikolojia, lakini hili halijaanza na mimi. Mwaka 1975 daktari wa Harvard anayeitwa Herbert Benson aliandika kitabu kuhusu hali ambayo mwili huingia ukirudia kitu kimoja kwa utulivu, iwe neno, sauti, sala ama mwendo wa mwili: pumzi inapungua kasi, moyo unapunguza mapigo, misuli inalegea. Kuna utafiti mwingine ulitoka 2012, wa Glasgow huko Uskoti, ambao walikaa chini na washona kwilti 29 wakawahoji. Wale watu hawakusema tu ati "inanituliza". Walisema kazi ni ngumu kiasi cha kumeza akili yote, kwamba rangi zenyewe huwainua, kwamba kikundi kimekuwa watu wao, na kwamba mtu akisifu kazi yao wanajiona tena kuwa watu.

Hiyo ya ugumu ndiyo naielewa sana. Kuscroll ni rahisi, ndiyo maana hakupumzishi. Akili inabaki ikizunguka kama feni. Kushona kunakubana. Ukiwaza deni la simu kidogo tu, sindano inakudunga. Lazima uhesabu, lazima ukumbuke huyu mwekundu asikae kando ya mwekundu, lazima uvute uzi usijikunje. Dakika arobaini zinaenda hujawaza kitu kingine. Na mwishoni kuna sentimita kumi za kitu kinachoshikika, ambazo hazikuwepo jana. Niambie ni lini mara ya mwisho kitu ulichofanya kwa simu kiliacha sentimita kumi.

Lakini hapa pia nina vita na watu wengine, wale wa kuuza utulivu. Mmewaona. Siku hizi msongo wa mawazo una tiketi. Unalipa elfu kadhaa uende Kilimani kuchora ua la alizeti na glasi ya mvinyo, unapigwa picha, Jumatatu unarudi kwa shida zako na ua lako baya. Kuna ofisi nimewahi kufanyia kazi, siitaji, ambayo ilichelewesha mishahara wiki tatu halafu ikatuandalia siku ya afya ya akili. Tulipewa vitabu vya kupaka rangi. Watu wazima, kodi ya nyumba imelala, tunapaka rangi kipepeo. Sijawahi kukasirishwa na kipepeo maishani kama siku hiyo.

Kwa hivyo tusidanganyane. Blanketi la viraka halilipi mshahara uliochelewa, na bosi asitumie uzi kufunga mdomo wa mtu. Na kama giza lako limezidi, kama huamki, kama unawaza kujidhuru, hiyo si ya sindano. Tafuta daktari ama mshauri, mwambie mtu leo. Wanawake wa Gee's Bend walishona kwilti na wakaandamana kutafuta kura. Hawakuchagua moja.

Haya, twende kwa hesabu, kwa sababu najua mnapenda hesabu. Tuseme nakubali, nauza. Nimeshona karibu masaa mawili kila usiku, miezi miwili: masaa 120. Jilipe shilingi 100 kwa saa, pesa ndogo tu. Hiyo ni elfu kumi na mbili, hatujaweka uzi. Sasa ingia Eastleigh uulize bei ya duveti nene pamoja na shuka zake na foronya, halafu uje uniambie nani atanunua langu. Wewe unayeniuliza bei, ungetoa elfu mbili na bado uombe delivari bure. Kwa hivyo itabidi niharakishe. Niache kushona kwa mkono, nitafute mashine. Niache makombo ya vitenge, ninunue kitambaa cha jora moja ili yafanane. Nishone yale yanayouzika, ya rangi ya kijivu na krimu, yanayoingiana na sofa ya mtu Ruaka. Baada ya mwaka nina duka, nina deni, nina stresi, na natafuta kitu cha kunipunguzia stresi. Hiyo ndiyo "talanta isilale" mnayonishauri. Hata kama ushauri wa biashara, ni ushauri mbaya.

Kuna kwilti moja nyingine lazima niitaje. Tarehe 11 Oktoba 1987, watu walitandaza kwenye uwanja wa Washington vipande 1,920 vya kitambaa, kila kimoja futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi. Kila kipande kilikuwa na jina la mtu aliyekufa kwa Ukimwi. Serikali yao ilikuwa imekaa miaka ikikwepa kuuzungumzia huo ugonjwa, na wengi wa wale wafu hawakuzikwa kwa heshima. Basi marafiki, wapenzi, mama zao wakashona. Walitumia mashati yao, jinzi zao, hata midoli waliyokuwa nayo wakiwa watoto. Eneo lote lilikuwa kubwa kuliko uwanja wa mpira wa Kimarekani. Na imeendelea kukua, mpaka leo ni tani na tani za kitambaa.

Naelewa hao watu. Baba alitutoka mwaka jana. Wakati wa kugawa nguo zake, wajomba walichukua makoti, mimi nikabaki na shati moja la drafti, la bluu, kola imeisha, lina alama ya peni iliyovuja mfukoni. Halinitoshi. Siwezi kulivaa, siwezi kulitupa, na kulikunja kwa sanduku nilikuwa naona ni kama kumfungia huko. Miezi ile ya kwanza sikuwa nalala. Nilikuwa nakaa kwa simu mpaka adhana ya alfajiri. Siku nilipolikata, mkono ulitetemeka, nikakata miraba kumi na sita. Iko safu ya nne. Doa la peni nimeliacha, tena nimeliweka katikati.

Blanketi lenyewe ni la dada yangu mdogo. Anaingia chuo Eldoret mwezi wa tisa, na wanaojua Eldoret wanajua baridi yake haina mzaha. Atalala chini ya sketi yake ya shule, jinzi za Gikomba na shati la babake. Sasa wewe ulikuwa unasema ngapi?

Najua kuna mmoja hapo anangoja kunikamata: "Lakini wewe mwenyewe unaishi kwa kontenti." Ndiyo. Nikipika nawasha kamera, nikisafiri nawasha kamera, nikikosana na makanga nashukuru Mungu nimepata stori. Hiyo ndiyo kazi yangu na siionei aibu. Lakini hebu hesabu mangapi yamebaki kwangu ambayo hayana mtazamaji. Nikianza kushona nikiwaza pembe ya kamera, nitaanza kuchagua rangi zinazotoka vizuri kwa skrini, nitaficha mishono iliyopinda, nitamaliza haraka kwa sababu mnataka kuona mwisho. Ndiyo maana hamjaona picha ya hilo blanketi na hamtaiona. Mtanisamehe. Ama msinisamehe, ni sawa pia.

Kama unataka kuanza, usinunue chochote kwanza. Kuna "seti za kuanzia" zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kuchekesha, achana nazo. Chukua nguo ambayo huvai na huwezi kutupa, kila mtu anayo. Kata kadibodi ya unga iwe mraba wa sentimita kumi na tano, hicho ndicho kipimo chako. Kata miraba tisa, tatu kwa tatu, hiyo inatosha uso wa mto. Piga pasi kila unapomaliza mshono, la sivyo vitajikunja na utanilaumu. Muombe fundi makombo, na ukiyachukua mwachie soda, msiende kumfilisi mzee wa watu. Na tafuta kastabini, kile kikofia kidogo cha chuma cha kuvaa kidoleni, kabla ya kidole chako kuwa kichujio.

Jumamosi jioni tunakaa watatu kwa ngazi ya ploti yetu. Mmoja anashona mto, mwingine ndiye yule aliyeniita mama nani, sasa ameng'ang'ana na mfuko wa jinzi wiki ya pili. Sheria ni mbili tu. Simu zinaingia kwa kikapu, na mtu akipita akiuliza tunauza ngapi, ananunua chapati za wote. Wiki jana tulikula chapati kumi na moja.